Kipimo cha Namba Kumi na Moja

Jumatatu, kabla ya saa nne, nilikuwa nimevunja sindano tatu. Ya tatu niliitupa barabarani kwa hasira, ikamkosa kidogo mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la mihogo, naye akanitukana kwa haki kabisa. Mimi si mtu wa kuvunja sindano. Wanaonijua pale Kasongo watakwambia Asani ana ulimi mkali na miguu mikali, lakini mikono yake kwenye cherehani imetulia. Wiki ile hakuna kilichotulia mwilini mwangu. Nilikaa, nikasimama, nikanywa maji bila kiu, nikarudi kukaa.

Mbele yangu kulikuwa na jezi kumi na moja za watu waliokuwa wanakuja kutufunga.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1956, mashindano hayajaanza. Jumapili timu ya mgodi wa dhahabu, upande wa Salamabila, ingekuja Kasongo tucheze mechi ya kujipima nguvu. Sisi tulikuwa wapiga mpira wa jioni: mshonaji, makarani wawili, watu wa kiwanda cha pamba. Wao walilipwa kwa ajili ya mpira. Kwenye vitabu vya mgodi waliandikwa wanyapara, ila mashimo waliyaona kwa mbali tu. Kazi yao ilikuwa kukimbia asubuhi, kula nyama, na kukimbia tena jioni. Nasema hivyo kwa wivu, sifichi.

Jezi zilinifikia kwa njia ya Moustapha, mwenye duka huko Kabambare. Aliagizwa nguo mpya za timu ya mgodi na hakuwa na fundi wa kumwamini, kwa hiyo akaniita nikawapime wachezaji siku watakayokuwa Kabambare kwa mazoezi. Grégoire, muuguzi aliyekuwa pia mwalimu wa timu yetu, alifurahi kupita kiasi. Yeye mwenyewe alinitafutia karatasi ya ruhusa ya kusafiri, maana bila karatasi hiyo ungelala kwa polisi. Akaniagiza nisirudi na vipimo vya nguo tu, nirudi na timu yote mfukoni. Nikapanda lori, nikala vumbi kutwa nzima.

Lakini moyoni nilikuwa na jambo zito kuliko mpira. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu mjomba wangu apeleke posa yangu kwa akina Faida. Faida aliishi na mama yake mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilimpenda kiasi kwamba nilikuwa nikishona vifungo vya watu mahali pasipo na matundu. Baba yake alikufa zamani. Mwenye kusema ndiyo au hapana alikuwa baba yake mdogo, mtu wa huko Wamaza aliyefanya kazi mgodini. Sikuwahi kumwona, kwa sababu kwetu mwenye kuposa hajitembezi mbele ya wakwe, mjomba humsemea. Mama Faida alikuwa ametuma habari kwamba shemeji yake angefika Kasongo Jumapili, na jibu lingetoka jioni hiyo. Sikujiuliza kwa nini iwe Jumapili ile. Nilikuwa mjinga wa mapenzi.

Basi pale Kabambare, kwenye barza, kibaraza cha duka la Moustapha, nikaanza kuwapima mmoja mmoja. Moustapha aliandika, mimi nikataja namba. Mshonaji humjua mtu haraka. Ukizungusha futi kifuani ukamwambia avute pumzi, unajua mapafu yake. Ukipima paja unajua atakimbia au atasukuma. Kipa wao alikuwa na mikono mirefu lakini bega la kulia lilishuka, kwa hiyo mpira wa juu upande huo ungemsumbua. Mshambuliaji wa kati, namba tisa, alikuwa na kifua cha sentimita mia moja na nne na shingo fupi. Huyo anapiga kichwa, nikajiambia. Namba saba, winga wa kulia, hakuweza kusimama tuli hata nikimpima kiuno. Nilimwogopa mara moja.

Kisha akaja wa mwisho, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na miguu iliyopinda kidogo kama ya wachezaji wazuri wa upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshainua futi. Moustapha, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akatutambulisha.

"Hii njo fundi Asani wa Kasongo. Iko beki ya kulia. Siku ya Mungu, ile ya mechi, mutaonana naye. Na huyu ni Kasimu wa Wamaza, namba kumi na moja. Mutoto wa kaka yake iko kule kwenu Kasongo, Faida."

Futi ilinidondoka. Ninapaswa kueleza, maana wengine watacheka. Kwetu mwenye kuposa hamgusi mkwe wake. Mkikutana njiani unaingia kwenye majani apite, na hata kivuli chake hukikanyagi. Siku atakayokubali, ni yeye mwenyewe atakayeuondoa mpaka huo: atakupa mkono, au atakuomba umsaidie jambo la kumgusa. Kabla ya hapo, ukimgusa umemtukana, na posa yako umeiua kwa mkono wako. Mimi nilikuwa nimebakiza nusu hatua nimkumbatie mkwe wangu kiunoni.

Nikasema nimepata vumbi jichoni. Nikamwomba Moustapha ampime yeye, mimi niandike. Moustapha akapima kama anafunga mzigo wa chumvi, vidole viwili ndani ya futi, huku akiendelea kuongea. Kasimu alinitazama, akaitazama ile futi chini, kisha akashuka kwenye barza akaenda zake. Nilijua kwamba amenijua.

Njia nzima ya kurudi niliwaza jambo moja. Beki wa kulia humkabili winga wa kushoto. Kwa dakika tisini kazi yangu ingekuwa kumzuia mkwe wangu: kumsukuma kwa bega, kumkata mpira miguuni, kumwangusha ikibidi, mbele ya Kasongo nzima, mbele ya Faida na mama yake, saa mbili kabla ya jibu. Na nikimwacha apite, timu ingeniua. Nilijaribu kufikiria njia ya tatu hadi kichwa kikauma.

Njia ya tatu niliipata Alhamisi, nayo ilikuwa uongo.

Jioni hiyo tulikutana nyuma ya zahanati, Grégoire amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, wenzangu wamechuchumaa wakinizunguka. Nikafungua daftari, nikawasomea timu ya mgodi kuanzia kipa. Sijawahi kusikilizwa vile maishani mwangu. Nilipotaja bega la kipa, washambuliaji wetu walitazamana. Nilipotaja kifua cha namba tisa, beki wetu wa kati alijipapasa kifua chake na kuguna. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilipofika namba saba nikasema ni moto mtupu, na kwamba afadhali nimkabili mimi mwenyewe. Kwa hiyo mimi nihamie kushoto, na Roger, beki wetu wa kushoto, aje kulia mahali pangu.

Grégoire alinitazama juu ya miwani.

"Na kumi na moja?"

"Kumi na moja amezeeka," nikasema. "Miguu imechoka. Roger atamweza hata akiwa na usingizi."

Roger akanishukuru. Alinishukuru kweli, akanipiga begani, akasema mimi ni ndugu wa kujitwalia mzigo mzito. Usiku ule nilikwenda kukojoa mara sita.

Ijumaa nilimaliza kushona. Jezi ya namba kumi na moja niliifanya ya mwisho, na niliishona mara mbili kila mshono. Lakini vipimo vya Moustapha vilikuwa vya hovyo, nami sikuthubutu kukisia kwa mwili wa mkwe, kwa hiyo niliikata kwa vipimo hivyo hivyo. Jumamosi timu ya mgodi ilifika kwa malori mawili ikiimba, wakachukua jezi zao. Mimi nilijificha nyuma ya duka mpaka wakaondoka.

Jumapili watu walijaa pande zote za uwanja, wengine juu ya baiskeli zilizoegemezwa, watoto mabegani mwa baba zao. Faida alikuwa upande wa jua pamoja na mama yake, kitambaa cha manjano kichwani. Hakunitazama, yaani alinitazama kwa namna ya mtu asiyetazama. Nikajipanga kushoto. Miguu yangu ilichimba vumbi yenyewe. Nilijiambia: huko kulia Kasimu na Roger, huku mimi na yule namba saba, jioni jibu, na kila kitu kitapita salama.

Refa akaweka mpira katikati. Timu ya mgodi ikajipanga. Na namba saba, yule asiyetulia, akavuka uwanja mzima akaenda kusimama mbele ya Roger. Badala yake, upande wangu, akaja mtu taratibu, jezi inampwaya, mikono ya jezi imeshuka mpaka kwenye vidole. Mgongoni alikuwa na namba kumi na moja.

Tulisimama tukitazamana. Naye uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa akiiba mahindi.

"Nilimwambia muzungu, mwalimu wetu, mguu wa kushoto unaniuma, anitie huku," akasema polepole. "Nilikukimbia upande ile, nakuja kukukuta huku."

Mkwe hajibiwi uwanjani, na hata kama angejibiwa, ningesema nini? Kwamba mimi pia nilikuwa nimemkimbia? Nadhani aliliona hilo usoni mwangu. Firimbi ikalia.

Mpira wa kwanza ulimfikia dakika ya nne. Alikuja nao kwangu, na mimi, Asani, ambaye mawinga wa Maniema nzima wanamjua kwa magoti yake, nikaingia pembeni. Sikuamua. Mwili wenyewe uliingia pembeni kama njiani, nikakosa tu kuinamisha kichwa. Akapita. Akapiga. Goli.

Uwanja ukaanza kunizomea. Roger alinipigia kelele kutoka upande wa pili akiuliza ninaangalia nini. Grégoire alisimama kando ya mstari na mikono kichwani, na nikaona kwamba anafikiria, na kwamba baada ya dakika moja atakuwa ameelewa uongo wangu wote. Nilimtazama Faida. Alikuwa ameshika mkono wa mama yake na kuangalia chini. Nikajichukia. Nilikuwa nimemdanganya rafiki yangu, nimeitia timu yangu aibu, na bado nilikuwa nimesimama pale, jibu langu likiwa mikononi mwa mtu aliyekuwa anarudi polepole kutoka golini kwetu.

Kasimu hakuwa amefurahi. Wenzake walimrukia, akawaondoa mabegani. Alipofika karibu nami akasimama, akavuta ile jezi tumboni kwa vidole viwili, nguo ikabaki mbali na mwili wake.

"Sikiya, fundi. Jezi hii imenikaa mubaya."

Nikainamisha kichwa.

"Kesho asubui ukuye na futi yako pale kwa mama Faida," akasema. "Unipime weye mwenyewe, na mikono yako. Usimutume mutu mwingine."

Nilichelewa kuelewa. Refa alikuwa anaita, mpira ulikuwa umeshawekwa katikati, na mimi nilikuwa bado narudia maneno yale moja moja kichwani. Nimpime mimi. Kwa mikono yangu. Jibu la jioni lilikuwa limetoka mchana, mbele ya watu elfu, na hakuna hata mmoja aliyelisikia isipokuwa mimi.

"Na sasa ucheze," Kasimu akaongeza huku akienda. "Sitaki mukwe wa kusimama kando."

Mpira wa pili ulimfikia kabla sijapumua vizuri. Alikuja kwa kasi ile ile, akainamisha bega la kulia akitaka kupita kushoto, nami nilimwona bega, nilimwona nyonga, nilimsoma kama kitambaa kilichochorwa chaki. Sikuingia pembeni. Nilitia mguu, nikaukata mpira ukaenda kwa Roger, na mkwe wangu akaruka hewani akaanguka kwa mgongo, vumbi likapanda juu yetu sote wawili.

Nikasikia mama Faida akipiga ukelele. Vumbi lilipotua, Kasimu alikuwa bado chini, jezi imempanda hadi kifuani, meno yake nje kwa kicheko. Akaninyoshea mkono.

Nikaushika kwa mikono yote miwili, nikamvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyokisia.