Chaza za Saa Kumi

Sayansi haijapata kuona mpimaji wa maji asiyetulia kama yule waliyemwita Kiguu-na-njia. Asubuhi bahari iliamka na rangi ya kutu. Akachota ndoo nzima, akachukua kiasi, akakitia iodini na kukimimina kwenye chombo cha kioo, ili vijidudu vife, vizame, vihesabike. Kuzama huchukua muda wa saa nane. Tano alizimaliza akizunguka meza, na kila alipopita, meza ilitikisika.

"Kaa chini, kijana!" alifoka mkuu wa maabara. "Kila hatua yako inavirusha juu upya. Na bila hesabu hatumtangazii mtu kitu."

Simu ikalia. Shangazi yake.

"Nimevuna chaza leo. Yule mstaafu anakuja saa kumi kuleta posa. Njoo ule."

"Shangazi, msile! Maji yana sumu. Labda."

"Nimezichemsha saa nzima. Sumu gani itabaki?"

"Hiyo ni ya vijidudu, haifi kwa moto. Subiri kwanza vijidudu vitue."

"Vitue wapi, kwani ni kunguru? Niletee uhakika, siyo labda. Nina miaka kumi na mmoja ya ujane mimi!" Akakata.

Ilipofika saa tisa na nusu, Kiguu-na-njia alishindwa kusubiri. Alichukua tone bichi kutoka kwenye ndoo, akalitazama kwa hadubini. Vilikuwa hai, vimeshikana minyororo, vinazunguka kama vimepagawa, tele hata maji hayaonekani. Haikuwa hesabu. Alitoka mbio na koti lake jeupe, mkuu akimpigia kelele mgongoni.

Sebuleni kwa shangazi, sahani ilikuwa mezani na mstaafu ameketi wima na tai yake.

"Msile!"

"Umepata hesabu?" shangazi aliuliza, tabasamu limemkauka.

"Bado. Lakini nimeviona."

"Ameviona!" Akamgeukia mgeni. "Msamehe, mzee. Huyu tangu utotoni hana breki."

Kiguu-na-njia aliinyakua sahani. Ndipo mstaafu aliponyoosha kidole, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Bibie, nilionja mbili jikoni ulipokwenda kujipaka wanja. Tangu hapo midomo inatembewa na siafu, na vidole vina ganzi." Akainamisha uso. "Nilidhani ni mapenzi."

Shangazi hakuuliza hesabu tena. Alimkamata mzee kwapa la kulia.

"We, mshike huko! Hospitali, upesi! Na wewe baba, ole wako unifie kabla hujaitamka hiyo posa."