Salamu Maria Moja kwa Kila Ukurasa

3%

Ukurasa unafunguka. Subiri.

4%

Subiri.

9%

Mimi ninayesubiri naitwa Eufrazia Komba. Nina miaka hamsini na minne. Mchana nauza mbegu za bustani sokoni Songea, jioni ni mwanafunzi. Darasa letu hukaa katika ukumbi wa kigango baada ya kwaya kumaliza mazoezi. Kompyuta zetu ni zile ambazo ofisi fulani ilizichoka, ikatupa sisi. Tunashukuru. Zinavuma kama mashine ya kusaga.

Najiandaa kwa mtihani wa maarifa. Nikiufaulu, nitaruhusiwa kufanya ule wa kidato cha nne, na nikiufaulu huo, chuo cha makatekista kitanipokea. Jambo hili nimemwomba Mungu tangu nilipokuwa na watoto mgongoni. Sasa watoto hao wana watoto.

Masomo yetu yote yako kwenye mtandao. Ili uyafikie unahitaji programu ya kufungulia kurasa. Mwalimu anaiita kivinjari. Tunavyo viwili vya kampuni moja: Orvik Kubwa, na mdogo wake, Orvik Nyepesi.

Kwenye mashine zetu Kubwa inasuasua. Nyepesi inafanya kazi.

Wewe unayesoma, hayo tu ndiyo unayohitaji kujua kuhusu kompyuta. Tuendelee.

14%

TANGAZO

Wanafunzi wa darasa la jioni mnajulishwa kwamba kampuni inayotengeneza Orvik imelichagua darasa letu kushiriki katika majaribio ya toleo jipya la Orvik Kubwa. Mtafiti wao, Bi. Marijke, atatutazama kwa video akiwa kwao Uholanzi.

Kila mmoja avae nguo za heshima. Tuwe wachangamfu. Tukumbuke kwamba huyu ni mgeni wetu, hata kama hajafika.

G. Ndunguru
Mwalimu

20%

Yaliyosikika ukumbini siku ya majaribio:

— Dada, hicho si kitenge cha Pasaka?

— Mwalimu ameandika heshima.

— Mtu anakuona uso tu. Miguu yote hiyo umepaka mafuta ya nini?

— Mungu anaiona.

— Wangoni nyie! Mkisikia mgeni mnaoga mara mbili.

— Na nyie Wabena mkisikia mgeni mnaficha viazi.

Anayenichokoza ni Mzee Mgaya, fundi cherehani, Mbena wa Njombe. Mashine yake iko jirani na yangu. Mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, kisha wakaona afadhali watukanane. Ndiyo maana sisi ni watani. Ananiambia lolote, nami namwambia lolote, na hakuna anayenuna.

Mwingine yeyote angeniambia hayo ya miguu, ningelia.

27%

Kazi niliyopewa: nifungue somo la Biolojia, mada ya moyo, kwa kutumia Orvik Kubwa mpya.

Nikabonyeza.

Karibu kwenye so

Karibu kwenye so

Karibu kwenye somo la

(Hapa ikatokea picha ya moyo. Nusu ya juu.)

Karibu kwenye somo la

Nikafumba macho nikasali. Ndivyo nifanyavyo siku zote ukurasa unapokuja. Nyepesi huwa inamaliza ndani ya Salamu Maria moja. Nikisema Amina, nikifumbua macho, maneno yapo. Safari hii nilisema Amina na maneno hayakuwapo. Nikasali nyingine. Likaisha kumi zima la rozari, nikaanza kumi la pili, na moyo ulikuwa bado nusu.

Nilikuwa natabasamu. Mama yangu alinilea hivyo: mgeni haonyeshwi uso wa kukereka.

Bi. Marijke akasema kitu kwenye kompyuta ya Mwalimu.

— Anauliza kama kuna tatizo, Mwalimu akatafsiri.

— Mwambie hakuna shida. Tunashukuru sana.

— Anauliza, kasi unaionaje?

— Inakuja.

Mwalimu akalitafsiri neno langu hilo moja kwa maneno mengi sana. Alikuwa anatabasamu pia.

35%

RIPOTI YA AWALI (ilifika kwa barua pepe wiki iliyofuata; Mwalimu alitusomea kwa Kiswahili, akisimama kila baada ya sentensi)

Mshiriki wa kike, miaka 54. Alisubiri bila dalili ya usumbufu. Alifumba macho na kutabasamu. Hakurudi nyuma wala hakufunga dirisha. Hali: ametulia.

Washiriki wote waliulizwa kama kuna tatizo. Wote walijibu hapana. Mshiriki mmoja aliongeza kwamba anawaombea wahandisi.

Hitimisho: toleo jipya linakubalika hata kwenye mashine za zamani.

Pendekezo: kwa kuwa Orvik Nyepesi haihitajiki tena, iondolewe mwisho wa mwaka.

36%

Iondolewe.

38%

— Nani aliwaombea wahandisi?

— Mimi.

— Dada, umetuponza kwa maombi!

Watu wakacheka, lakini si kwa muda mrefu.

43%

Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa Ijumaa ya wiki ile ile. Fomu yangu ilikuwa wazi kwenye kioo, imejazwa yote, imebaki kubonyeza neno moja chini.

Sikubonyeza. Mtihani ni mwakani. Nyepesi ikiondolewa, kuanzia Januari somo litakuwa linanifikia nusu nusu. Nitajua sehemu ya juu ya moyo. Nitaketi kwenye chumba cha mtihani mbele ya swali la sehemu ya chini, na

48%

Bwana, nisikilize.

Sikusema uongo. Nilisema hakuna shida, kama tunavyosema hata mguu ukiwa umevunjika. Wewe unajua kwamba kwetu hilo si jibu, ni namna ya kumkalisha mtu vizuri. Lakini yule dada wa Uholanzi hakujua, akaliandika.

Na wewe unajua kwamba sitaki kumwambia mtoto wa watu, mbele ya wenzake, kwamba kazi ya mikono yake ni mbovu.

Nifundishe kusema ukweli bila kumvunja mtu.

Haraka, ikikupendeza. Ijumaa wanafunga.

54%

Jumatano Mwalimu aliomba video nyingine, wakakubali, iwe kesho yake. Tukakaa kupanga maneno.

Mwalimu: Tutawaambia kwa adabu. Tunawapongeza kwa kazi nzuri, na tunaomba, kama itawezekana, kama hawataona vibaya, wafikirie upya suala la kuiondoa Nyepesi.

Mzee Mgaya: Mwalimu, hayo si malalamiko. Hiyo ni risala ya mgeni rasmi.

Mwalimu: Sasa tuwatukane?

Mzee Mgaya: Mimi namwambia huyu mama kila siku kwamba sauti yake kanisani inafukuza popo. Umewahi kumwona amenuna?

Mimi: Wewe ni mtani.

Mzee Mgaya: Basi na huyo Marijke mfanye mtani. Kesho. Kabla ya jambo lolote.

Mwalimu: Utani haufanywi kwa video.

Mzee Mgaya: Ulifanywa kwa mikuki. Video itashindwa nini?

61%

Alhamisi. Uso wa Bi. Marijke ukajaa kwenye kioo. Nywele nyeupe kama pamba, ila ni kijana. Mwalimu akaanza kueleza utani ni nini. Akaeleza. Akafuta jasho. Akaeleza tena kwa kutumia mikono.

— Anauliza, kwa hiyo ambaye hamumtukani hamumpendi?

— Tunampenda, nikasema, ila hatumwambii kila kitu. Mwambie kuanzia leo yeye ni mtani wangu. Nitamsema, naye anaruhusiwa kunisema. Akinuna, atatoa faini ya kuku.

— Anasema amekubali. Anasema kuku atamtuma kwa posta.

Nikavuta pumzi. Nikakamata msalaba wa rozari mfukoni.

— Marijke, mtani wangu. Hicho kivinjari chenu kipya kinakokota miguu kama bwana harusi aliyelazimishwa. Nimemaliza kumi la rozari nikaanza la pili, nyie mmenipa nusu ya moyo. Hivi ninyi huko kwenu mnaishi kwa nusu moyo?

Mwalimu akanitazama.

— Itafsiri kama ilivyo, Mwalimu. Usiiongezee sukari.

Akaitafsiri. Nilijua ni kama ilivyo kwa sababu ilikuwa fupi.



Subiri.

Subiri.

Nilidhani nimemvunja. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi. Ndipo akasogea karibu na kamera, akasema polepole, na Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja kabla hajatafsiri.

— Anasema... anasema hizo kompyuta zenu zilizaliwa kabla bibi yake hajaolewa. Anasema siku ile zilivuma mpaka akadhani mnalima kwa trekta.

Ukumbi mzima ukalipuka. Mzee Mgaya alipiga meza mpaka mashine yake ikazimika yenyewe.

66%

Baada ya hapo hakuna aliyesubiri zamu. Naandika kama yalivyotoka:

Kwamba kuna kisanduku kinachotokea kuuliza kama unakubali jambo fulani, kinafunika somo, na kitufe cha kukubali kiko nje ya kioo chetu kidogo. Kwamba Kubwa inajisasisha yenyewe bila hodi na kula bando la darasa zima. Kwamba inadhani kila mashine ina mtu mmoja! Sisi mashine moja tuko watu wanne kwa zamu, na siku nyingine tunabadilishana mashine. Mimi nikifungua naambiwa KARIBU TENA, MGAYA, na kuonyeshwa bei za nyuzi.

— Na mimi napewa ratiba ya novena, akasema Mzee Mgaya. Mlutheri mzima.

Bi. Marijke alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Kisha akauliza lile ambalo hakuna aliyetegemea.

— Anauliza, siku ile ulifumba macho kwa nini?

Nikamwambia.

Aliandika hilo pia. Kisha akaomba, kama si kukosa heshima, nifungue ule ukurasa tena, mara moja kwa Kubwa na mara moja kwa Nyepesi, na safari hii nisali kwa sauti.

Niliogopa. Sala si saa ya ukutani. Lakini nikafikiri, kama Mungu amekuwa akisubiri pamoja nami kila jioni mbele ya kioo hiki, hatakasirika akiitwa shahidi.

Nikasali. Wakatoliki wenzangu wakaitikia. Mzee Mgaya alivua kofia akakaa kimya, akitazama kioo kwa niaba ya Walutheri.

Nyepesi: Salamu Maria moja, moyo mzima.

Kubwa: tulipofika Atukuzwe Baba, ikasema kuna hitilafu, tujaribu baadaye.

74%

Sasa sauti hii ni ya Marijke. Aliandika usiku ule ule, Mwalimu akatafsiri, na nimeomba ruhusa kuiweka hapa.

"Kwetu ukimuuliza rafiki kama keki yako imekauka, anakwambia imekauka. Ndiyo namna yetu ya kupenda. Kwa hiyo mliposema hakuna shida, niliamini hakuna shida.

Ofisini tuna imani ambayo hatuiiti imani: asiyelalamika ameridhika. Tumeijenga programu nzima juu yake. Tunahesabu watu waliofunga dirisha kwa hasira. Hatujawahi kuhesabu waliobaki.

Kwenye karatasi yangu nilikuwa na alama mbili tu za kuchagua, ametulia au amekereka. Hapakuwa na alama ya mtu anayesali.

Jana bosi wangu aliuliza kwa nini nataka kurudia jaribio lililokwenda vizuri. Leo nimemwambia: kwa sababu mtani wangu amenitukana. Imebidi nimweleze kwa dakika nyingi. Nilitumia mikono."

81%

TAARIFA KWA WASHIRIKI

Uamuzi wa kuiondoa Orvik Nyepesi umeahirishwa mpaka majaribio mapya yakamilike. Matokeo ya awali hayatatumika. Timu inapitia upya dhana ya mtumiaji mmoja kwa kila mashine.

Kipimo cha muda kinachopendekezwa kwa mashine za zamani: Salamu Maria moja. (Utafiti zaidi unahitajika kuhusu tofauti za kasi kati ya wasalio.)

83%

Imeahirishwa.

Haijasemwa itabaki. Haijasemwa itaondoka. Mwalimu aliisoma mara kadhaa kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko ambao ameshaupekua.

86%

Ijumaa jioni. Fomu yangu bado iko kwenye kioo.

— Subiri jibu lao kwanza, Mama Komba, akasema Mwalimu. Usije ukajisajili halafu masomo yakakwama.

— Jibu lao litakuja lini?

— Hawajasema.

— Na usajili unafungwa lini?

— Leo.

Aliinua mabega, akaenda kufunga madirisha ya ukumbi maana upepo ulikuwa umeanza.

Nikaisoma fomu upya. Eufrazia Komba. Muuza mbegu. Mtahiniwa wa kujitegemea. Ni kweli sijui Januari nitakuwa nafungua masomo kwa kitu gani. Lakini wiki hii nimejifunza kwamba kuna mtu mbali sana ambaye sasa naweza kumwambia likikwama, na atanijibu, na hatanuna.

Nikabonyeza Sajili.

88%

Mzee Mgaya aliinama upande wangu, akachungulia, kisha akarudi kwenye mashine yake na kuanza kutafuta fomu hiyo hiyo, herufi moja moja, kwa kidole kile cha kuvalia tondoo, kile kikofia cha kushonea.

— Ukifaulu kabla yangu, mtani, akasema, nahama Songea.

— Anza kufunga mizigo.