Nafasi Sita za Nasiha

Mimi Koki nimeendesha saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Voi miaka tisa, na watu wanaonichosha kuliko wote ni wazazi wakati wa kuomba vyuo. Mwanafunzi akija peke yake tunamaliza kwa nusu saa na anaenda zake. Akija na ukoo, siku yangu imekwisha.

Nasiha alikuja na ukoo. Ilikuwa siku ya mwisho ya maombi, mtandao unafungwa saa kumi na moja jioni, na wao ndio wanaingia saa nane. Babake, Bwana Badawy wa duka la vipuri vya pikipiki, alikuwa mbele. Nyuma yake Zubair, ami yake msichana, aliyepanda treni kutoka Mombasa kwa shughuli hiyo tu. Halafu nyanyake, Bi Nuha, ambaye alikalishwa kwenye kiti changu bila mtu kuniuliza. Mamake, Mwanamvita, alisimama mlangoni kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Nasiha mwenyewe alibanwa mwisho wa benchi, utadhani amesindikiza wagonjwa.

Sasa, mambo yenyewe ni rahisi. Kila mwanafunzi anapewa nafasi sita za kozi, ya kwanza mpaka ya sita. Kompyuta inaanza na ya kwanza. Pointi zako zisipotosha inashuka ya pili, zisipotosha inashuka ya tatu, na ikifika kwenye kozi inayokukubali inasimama hapo hapo. Huko chini haiangalii tena.

Nafasi hizo sita ukoo ulikuwa umeshazigawana jana yake baada ya chakula, kwa umri na heshima, vile watu wanavyogawana nyama ya akika. Zubair, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wanaume, alichukua ya kwanza na kuandika udaktari. Badawy alichukua ya pili, sheria, maana ana kesi ya ploti kule Miasenyi na mawakili wamemtoa jasho. Bi Nuha alipewa ya tatu akataka famasia, kwa ajili ya presha yake, amechoka kupanga foleni ya dawa. Ya nne, na hapa nilijifanya nakohoa, walimpa Mwalimu Phineas, ambaye hata hakuwepo. Huyo ndiye mwalimu wa kuelekeza wanafunzi kuhusu kazi kule shuleni kwa Nasiha. Kila mwaka anawaletea watoto rubani awahutubie, na mtoto akimuuliza habari za pointi anamwambia aote ndoto kubwa. Alikuwa amemwandikia uhandisi wa ndege, kwa kalamu nyekundu. Ya tano ikawa ya mama: ualimu. Ya sita, iliyobaki mfupa, ndiyo waliyomwachia mwenye maisha yake.

Nasiha aliandika uhandisi wa maji na umwagiliaji. Zubair akauliza, kwani mtu anaenda chuo kikuu kujifunza kumwagilia mboga za sukuma wiki? Wakacheka wote.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za huyo msichana. Badawy amekodi shamba la vitunguu Mboghoni, na mwaka juzi maji ya mfereji yalikuwa hayafiki mashamba ya chini. Watu walikuwa wanatukanana, kila mmoja anasema mwenzake amemrogea maji. Nasiha, likizo hiyo, akatafuta mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akatembea nao kando ya mfereji akipima na kuweka vijiti. Akaonyesha mahali ambapo mfereji ulikuwa umechimbwa ukipanda. Wanaume wazima walichimbua hapo siku moja na maji yakashuka. Hakuna aliyemwambia asante, lakini mpaka leo wakigombana wanauliza yule mtoto wa Badawy atakuja lini.

Basi nikawafungulia pointi za mwaka uliopita. Nikawaeleza polepole kwamba Nasiha ana B ya kutoa, ile iliyo chini kidogo ya B kamili, ni gredi nzuri na apongezwe, lakini udaktari, sheria, famasia na ndege zote ziko juu yake. Nikasema kozi mbili za chini ndizo anazoweza kuzipata. Badawy akanitazama kama mimi ndiye niliyemsahihishia mtihani. Zubair akasema kuna watu wana roho ya kukatia watoto wa wenzao riziki, akamwangalia Bi Nuha wala si mimi. Bi Nuha akatoa tasbihi.

Haya. Nikajaza walivyotaka, huku nimekasirika mpaka vidole vinakosea herufi. Maana hesabu yake mimi nilikuwa naiona: kompyuta itakataa nne za wakubwa, itafika ya tano, ualimu, na hapo itasimama. Ya sita haitaguswa kamwe. Nasiha naye aliiona. Macho yake yaliganda kwenye ile mistari miwili ya mwisho, na hakufungua mdomo, kwa sababu utamwambiaje mama yako, mtu pekee aliyekutakia kitu kinachowezekana, kwamba yeye ndiye amekuzibia njia?

Wanaume wakaenda kuswali alasiri, Bi Nuha akasaidiwa kupanda tuktuk. Saa kumi na robo Mwanamvita akarudi, amemshika Nasiha mkono. Akaniuliza kama nilichosema kuhusu kozi za chini ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza tena, hiyo yake ikikubali, ya mtoto itasomwa? Nikamwambia haitasomwa.

"Basi ya mwanangu iwe ya tano," akasema. "Yangu ishuke."

Nasiha ndiye aliyeingia kwenye akaunti yake na kuzibadilisha kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilishika tu feni isimpulizie karatasi.

Wiki zilizofuata Voi nzima iliambiwa kuna daktari njiani. Zubair alimtumia msichana koti jeupe kwa basi, saizi kubwa, ati atakua ndani yake. Mwalimu Phineas naye alimtaja gwarideni, mbele ya shule nzima. Kisha majibu yakatoka: Nasiha ameitwa kusomea uhandisi wa maji na umwagiliaji.

Walifika kwangu asubuhi ile ile, Badawy na Zubair, wanadai nimewachezea. Mwanamvita na binti yake walikuja nyuma yao mbio mbio. Nikafungua akaunti mbele yao, nikawaonyesha: ya kwanza, udaktari, imekataliwa. Sheria, imekataliwa. Famasia na ndege vile vile. Zubair akasema kompyuta ina ufisadi. Badawy, ambaye angalau anajua kusoma orodha, aliona ya tano na ya sita zimehama, akauliza ni nani aliyethubutu.

Nilikuwa tayari kusema ni mimi, Mungu anajua. Mwanamvita akanitangulia.

"Ni mimi. Nimetoa nafasi yangu. Zenu hazikuguswa, ziko palepale mlipoziweka."

Badawy alimwuliza mkewe, kwa sauti ya chini sasa, mbona amefanya hivyo, na ualimu ni kazi ya heshima na yeye mwenyewe ndiye aliyeutaka.

"Niliutaka tangu nina miaka kumi na minane," Mwanamvita akasema. "Barua ya chuo cha ualimu ilipokuja, baba yangu na ndugu zake waliijadili siku tatu, wakaikataa. Mimi nilikuwa jikoni, nawapikia."