Uchafu Mweupe wa Enjekta

Gari ya Octave ilikuwa imekohoa njia yote ya Wamaza. Sasa enjekta zake nne, zile za kupulizia mafuta ndani ya injini, zilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, zimeshikwa na uchafu mweupe, naye anazisugua kwa mswaki wa zamani, akimlaani muuzaji wa mazuti, yaani dizeli.

"Ule mutu anatia vumbi! Na mimi kila mara nachuja mazuti kwa kitambaa!"

Mkewe Victorine akasimama na sahani mkononi. "Kitambaa gani, baba Rosine?"

"Kile cheupe cha jikoni."

Victorine akagusa ule uchafu mweupe kwa kidole, akaunusa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ndicho nachekechea unga wa muhogo! Muache muuzaji wa watu. Gari yako imekula bugali mwezi mzima. Sasa inangoja mboga yake, sombe ya majani ya muhogo."