Maneno Matano ya Septemba

Siku ambayo Rennie Kangas hakurudi, mkewe Verna alikuwa jikoni akimenya viazi. Alimwona kupitia dirisha akishuka kuelekea ziwani, viatu vyake vya kutelezea kwenye barafu vimening'inia begani. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Novemba, saa tisa alasiri. Hakumwita. Alidhani anakwenda tu kutazama maji yalivyoganda, kama alivyozoea tangu utoto. Mtaimbo wa kupimia barafu ulibaki umeegemea ukuta karibu na mlango. Kule kaskazini hata mtoto wa darasa la kwanza hakanyagi ziwa la Novemba bila kupiga mtaimbo mbele yake kila hatua.

Wapiga mbizi walimtoa siku ya tatu.

Mazishini Verna alisikia watu wawili nyuma yake wakinong'ona. "Misimu kumi na minne anacheza hoki ya barafuni, mtu huyo hajui barafu?"

Aliijua. Lakini mwaka ule alikuwa pia amebandika birika tupu jikoni mara tatu, na alikuwa akimwita binti yao Elsie kwa jina la dada yake mwenyewe Rennie, aliyekufa zamani. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Ijumaa moja ya Machi, Verna aliomba ruhusa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali anakofanya kazi, akamwacha Elsie kwa jirani, akapanda basi la alfajiri kwenda mjini. Nauli ilikuwa imepanda tena. Dereva alisema mafuta. Mbele yake mzee mmoja aliyevaa kofia ya manyoya akamjibu, "Mafuta yakishuka nauli huwa inasubiri nini, kibali?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakalala. Saa nne nzima nje hakukuwa na kitu ila theluji na misonobari.

Alikuwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na ombi moja tu: bima ya ligi ikubali kwamba Rennie aliuawa na kazi yake, kwamba kichwa kilichosahau mtaimbo mlangoni kiliharibikia uwanjani. Wakikubali, yeye na Elsie watapata pensheni mpaka mtoto afike miaka kumi na minane. Wakikataa, nyumba itauzwa kabla ya kiangazi.

Bwana Ostrander wa bima alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Alipangusa pua, akafungua faili.

"Pole kwa msiba, Mama Kangas. Nilimwona akicheza. Ile michezo kumi na mmoja aliyopata ligi kubwa, nadhani niliangalia minane."

"Asante."

"Sasa, tatizo letu ni hili." Akageuza karatasi ili aione. "Kila Septemba, msimu ukianza, daktari wa timu anawasomea wachezaji maneno matano. Baada ya dakika kumi wanatakiwa wayarudie. Mchezaji akigongwa kichwa, anapimwa tena, tunalinganisha. Mumeo alibamizwa ukutani Januari ya msimu wake wa mwisho."

"Alilala dakika nzima bila fahamu. Nilikuwepo."

"Kesho yake alikumbuka maneno mawili. Haya, tazama Septemba, kabla hajagongwa. Mawili. Mwaka wa nyuma yake, mawili. Mwaka mwingine, mawili. Kwa karatasi hizi, mama, kichwa chake hakikubadilika. Alikuwa hivyo hivyo."

Verna aliitazama ile safu ya mbili, mbili, mbili. 

"Alikuwa anafanya makusudi," alisema.

"Makusudi vipi?"

"Kusahau. Wote wanafanya. Ukikumbuka yote Septemba, halafu ukagongwa ukakumbuka mawili, wanakukalisha nje. Ukikaa nje mwezi, mwingine kashavaa jezi yako. Kwa hiyo Septemba unakumbuka mawili tu, mapema. Kila Agosti Rennie alikuwa anakaa mezani kwangu jikoni anajifunza kusahau. Nilikuwa namsomea mimi."

Ostrander aliweka kalamu chini.

"Usilirudie hilo," alisema polepole. "Nikiliandika, maana yake mumeo aliidanganya bima, na dai linakufa. Labda uniletee mchezaji mwenzake aseme klabu ilijua na ikanyamaza. Hapo ni kosa la klabu, habari nyingine kabisa. Humpati, chukua malipo ya mazishi, tufunge faili kwa amani. Tunafunga saa kumi na nusu."

Verna alimjua mtu mmoja wa kumwendea. Armand Thibeault alicheza beki pamoja na Rennie misimu minne, akabeba jeneza lake upande wa kulia. Sasa alikuwa mtunza vifaa wa klabu, na klabu ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, ameinama juu ya mashine ya kunolea makali ya viatu vya barafu, cheche zinaruka. Chumba kilinuka jasho na ngozi mbichi. Juu ya kila kiti palikuwa na jina kwenye kipande cha plastiki, cha kubandika na kubandua.

"Shemeji!" Armand alizima mashine. Tabasamu lake lilikuwa na meno manne tu ya kwake. "Umekuja kusaini mkataba? Tuna upungufu wa beki wa kushoto."

"Mabeki wenyewe mnawavunja."

"Tunawavunja kwa adabu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula kwenye basi." Hakuwa amekula. Akamweleza yote, bahasha iko magotini. Armand alisikiliza huku akipitisha kidole gumba kwenye makali ya kiatu, kwenda na kurudi.

"Ukisaini tu kwamba daktari wa timu alijua," Verna alimaliza. "Mstari mmoja, Armand."

"Alijua. Alikuwa anatwambia, 'Jamani, msipate sifuri, mtaniaibisha.'"

"Basi sema hivyo."

"Shemeji." Aliweka kiatu chini. "Nina wawili shuleni. Goti hili halifai hata kushuka ngazi. Nani mwingine atanipa kazi? Na unajua Septemba kazi yangu ni nini? Hawa wapya wanakuja hapa na vifua vyao, wanataka kukumbuka yote matano. Mimi ndiye nawavuta pembeni. Nawaambia, taratibu, bwana mdogo, acha la tatu na la tano, kuna Januari mbele yako. Nikisaini karatasi hiyo, najisaini mwenyewe."

"Kwa hiyo Rennie abaki mjinga kwenye faili lao."

"Rennie hakuwa mjinga."

"Imeandikwa, Armand. Nimeiona. Mbili, mbili, mbili."

Armand aliokota kiatu tena. Ukutani nyuma yake, juu ya swichi, kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa utepe wa kufungia magongo ya hoki: ZIMA PASI. FUNGA GARI. WATOTO SAA TISA. Verna aliisoma mara moja, akaangalia pengine.

Alisimama, akavaa glavu. Armand alimsindikiza mpaka mlangoni, akiburuta goti, akamshika bega kama ndugu.

"Barabara zinateleza, uende pole pole," alisema. "Na unisalimie Rennie."

Wote wawili walisimama pale. Armand alifunika mdomo kwa kiganja. Macho yake yalizunguka chumba kizima kama anayetafuta kitu alichokiweka sasa hivi.

"Salamu zitafika," Verna alisema, akamfungia koti kifungo cha juu, akatoka.

Alirudi kwa Ostrander saa kumi na dakika tano. Fomu ya malipo ya mazishi ilikuwa tayari mezani, na alama ya penseli mahali pa kusaini.

"Umempata mtu?"

"Hapana."

"Basi saini hapa, mama. Ndiyo busara."

"Hayo maneno ya Septemba," Verna alisema, "yanakaa wapi?"

"Kwa daktari wa timu, kabatini. Sisi tuna nakala. Hayatoki nje."

"Karatasi ya njano: kidole, asali, hema, ndoo, msumari. Ya bluu: chungwa, pazia, daraja, koti, yai. Zipo hizo mbili tu. Hawajawahi kuzibadilisha. Kwenye ya bluu Rennie alikuwa anabakiza chungwa na koti. Aliniambia yai mtu hawezi kulisahau, wangemshuku, ikabidi tulifanyie kazi wiki nzima."

Ostrander alitafuta kwenye faili, akashusha kidole kwenye ukurasa mmoja, kisha mwingine. Aliinuka, akafunga mlango.

"Unajua umefanya nini?" aliuliza. "Umethibitisha udanganyifu. Wa kwake na wa kwako. Mimi bado sijasikia kitu. Saini hii, uwahi basi."

"Umesikia. Andika."

"Hutapata hata hela ya jeneza."

"Mume wangu alikuwa anakumbuka matano. Andika hivyo. Andika nilimsomea mimi, na kwamba alipokuwa mzima alikuwa anayataja yote, mbele na nyuma, huku anacheka."

Mafua yalimfanya Ostrander apumue kwa mdomo. Alitoa karatasi nyeupe, akaandika. Kurasa mbili. Alimsomea, Verna akamsahihisha mahali pamoja, pale alipoandika "labda". Kisha akasaini, jina lote.

Malipo ya mazishi yamezuiwa mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi huchukua miezi sita. Jumatatu saa tatu asubuhi dalali anakuja kuipiga picha nyumba.