Dakika Ishirini Hewani

Verdiana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kilosa, na akitoka darasani mapenzi yake yote yalikuwa kwenye redio. Aliyemfundisha ni Mzee Filipo wa Kimamba, fundi wa mawasiliano wa reli aliyestaafu. Mzee huyo ndiye aliyewakusanya watu sita, wakapata pamoja naye leseni za redio za ridhaa, za kuzungumziana hewani. Ni yeye pia aliyepanda kilima cha juu ya mji kufunga ripita, mtambo unaodaka sauti dhaifu ya redio ya mkononi na kuirusha mbali, ikasikika Kimamba, kijiji cha Ulaya, hata Mikumi.

Mzee Filipo alikuwa mkali. Mtu akiingia hewani na "haloo, haloo", alimkatiza palepale.

"Sikiliza kwanza. Taja namba zako za mwito. Sema kifupi. Mwenzako akiachia kitufe, ripita italia pii. Subiri hiyo pii, halafu hesabu mbili ndipo ubonyeze. Hapo katikati ndipo anapopita mwenye shida."

"Na kama hakuna mwenye shida, mzee?" Evance alimwuliza siku moja. Evance alikuwa kijana muuza mbegu wa Mikumi, mwenye pikapu.

"Utajuaje hayupo, nawe hukumpa nafasi?"

Jumamosi moja ya Machi, saa nne asubuhi, Verdiana na Evance walikutana hewani. Evance alikuwa ametoka Kilangali, akasimulia mbegu mpya za mpunga alizoziona huko. Verdiana akamsimulia vituko vya walimu wenzake. Walicheka. Mmoja alipoachia kitufe, mwingine alikuwa ameshabonyeza, pii haikupata hata nafasi ya kulia. Mara mbili tatu Verdiana alisikia mkwaruzo chini ya sauti ya Evance.

"Evance, redio yako inakwaruza."

"Labda betri," alijibu, wakaendelea.

Walipoagana zilikuwa zimepita dakika ishirini. Hapo ripita ililia pii, na baada yake ikaingia sauti ya mwanamke anayetweta.

"Jamani! Mimi Agnesi, mke wa Filipo. Tuko shambani Ulaya. Mti umemwangukia mguuni, damu haikatiki. Jamani, mnanisikia?"

Verdiana alisimama. "Mama, nakusikia. Mfunge kanga juu ya jeraha, kaza sana. Evance, umesikia?"

"Nimesikia. Naondoka sasa hivi."

Evance aliendesha kama mwendawazimu kwenye barabara ya matope. Alimkuta mzee amelala kwenye tuta la mahindi, kando ya mti mkavu aliokuwa akiukata, uso wake umekuwa wa majivu. Walimpakia, wakaelekea hospitali ya Kilosa. Mzee Filipo alifia njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe.

Siku ya tatu ya msiba, Verdiana alikwenda Kimamba. Alimkuta Agnesi amekaa mkekani nyuma ya nyumba, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Agnesi hakumtazama. "Kule shambani simu haishiki. Mwenzangu akanipa redio. Akaniambia, wakinyamaza, bonyeza kile kitufe useme. Nikasubiri mnyamaze."

Verdiana alishika ukingo wa mkeka.

"Hamkunyamaza, mwalimu. Nikaona basi nibonyeze tu. Nilibonyeza mara sita. Nikiachia, nawasikia ninyi. Mpunga. Walimu. Mnacheka. Yeye akasema, wape muda, watasikiliza, nimewafundisha."

Verdiana alikumbuka ule mkwaruzo. Alijua sasa ulikuwa nini: redio ndogo ya mkononi, betri imechoka, ikijaribu kupenya chini ya sauti yenye nguvu. Akalia palepale, naye Agnesi akamwacha alie.

Daktari alisema mshipa mkubwa ulikuwa umekatika, na kwamba hawezi kuapa kama dakika ishirini zingebadilisha jambo. Evance hakutaka kusikia hayo. Alikuja Kilosa akaweka redio yake juu ya meza ya Verdiana.

"Ichukue, dada. Nikishika kile kitufe naisikia sauti ya yule mama."

"Tulikuwa wawili, Evance."

"Najua. Ndiyo maana nimeileta kwako."

Jumapili iliyofuata wanachama watano waliobaki walikutana hewani kama kawaida. Verdiana alitaja namba zake za mwito, akawaeleza yote: mazungumzo, kicheko, mkwaruzo, mara sita. Hakujitetea. Alipoachia kitufe pii ililia. Kisha Abubakari, dereva wa malori, akasema polepole, "Tumekusikia, mwalimu," na siku hiyo hawakuzungumza tena.

Verdiana alirudi Kimamba. Safari hii aliomba msamaha kwa maneno kamili.

Agnesi aliendelea kupepeta mchele. "Mwalimu, nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa. Usiku nawasikia bado mkicheka." Akaweka ungo chini. "Lakini mahindi yake yako shambani, na mimi peke yangu siyawezi. Watoto wako mbali."

"Nitakuja, mama."

Juni shule zilipofungwa, Verdiana alipanda basi kwenda Ulaya kila siku kwa wiki mbili. Walivuna bega kwa bega, mmoja kwenye mstari huu, mwingine kwenye ule. Hawakuongea sana. Adhuhuri Agnesi aligawa ugali na mlenda, akamsogezea mwenzake sehemu yake bila kumwangalia.

Siku ya mwisho walipomaliza kufunga magunia, Agnesi alichukua bua moja, akalivunja, akalitupa.

"Mwaka huu yamezaa vizuri," alisema. "Angefurahi."

Verdiana aliitika kwa kichwa, akainama kuokota mahindi yaliyodondoka.