Mwanga Unaogawanywa

Risasi zililia upande wa uwanja wa ndege wa Luano, na Abigaëlle akaacha kila kitu akakimbilia chumba cha maabara. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Alifungua kabati la joto, akagusa ukuta wake: bado vuguvugu.

Ndani mlikuwa na sahani moja tu ya seli. Juzi aliziingizia plasmidi, kipete cha DNA alichokihangaikia mwaka mzima, ili ziwake kijani. Akiba ya kipete hicho iliharibika barafu ya friji ilipoyeyuka. Ng'ambo, Zambia, walikuwa tayari kumpokea kazini, mradi awaonyeshe seli zinazowaka.

"Yaya, usiogope," alisema Kasereka, mwenzake wa maabara aliyemheshimu kama dada mkubwa, akiingia nyuma yake. "Jana nilizipa chakula kipya, mingi kabisa. Nilidhani leo hatutaweza kufika."

Abigaëlle alimgeukia. "Ulizilisha? Kasereka! Zikishiba zinazaa. Plasmidi haizai pamoja nazo. Seli moja ikiwa mbili, zinagawana ile ile. Zikiwa nne, zinaigawana tena, mpaka hakuna kitu."

"Niliona bantu bote beko banaweka akiba ya unga. Nikazionea huruma."

"Ukazipikia kama bashemeji ku ndoa!"

Nje, lori la mjomba wa Kasereka lilikuwa likinguruma, tayari kwa safari ya Kasomeno, njia ya kwenda Zambia. Kasereka aliwasha jenereta kwa mafuta yaliyobaki, na Abigaëlle akainamia hadubini. Seli zilijaa sahani nzima, zimenona. Nyingi zilikuwa giza. Hapa na pale kijani kilififia kama kaa la moto linaloingiwa na majivu.

Angezibeba hai, njiani zingeendelea kugawana mwanga hadi uishe. Formalini, dawa ya kuhifadhi seli, ingeuacha mwanga pale ulipo, lakini ingeziua.

"Yaya, hizi ndizo za mwisho," Kasereka alisema kwa sauti ya chini. "Hatutabaki hata na moja iliyo hai."

"Najua."

Honi ikalia. Risasi zikajibu, karibu zaidi. Abigaëlle alimimina kile chakula sinkini, akatia formalini taratibu. Macho yakamwasha. Akachungulia tena. Kijani kilikuwepo. Kidogo, lakini kilikuwepo.

Jenereta ikakohoa, ikazimika.

Alifunga sahani kwa karatasi nyeusi, akaibana tumboni kwa kitenge. Kasereka, aliyetangulia kupanda juu ya magunia ya lori, alimnyooshea mkono.

"Lete mukono, yaya!"

Hakuutoa. Alijisukuma juu kwa viwiko na magoti, mikono yote miwili ikiwa imeshika tumbo.